Unataka kuishi kwa kupiga picha za harusi Dar? Soma hii kabla hujanunua kamera

Ukitaka kujua mpiga picha anathaminiwa kiasi gani hapa mjini, we omba tu uoneshwe bajeti ya kamati ya harusi yoyote ile. Juu kabisa utakuta chakula, af vinywaji, ukumbi, mapambo, MC na muziki, magari, mavazi, keki, na kule chini jirani na dharura ndo unakuta picha na video zimebanwa kwenye mstari mmoja, na michango ikipelea mstari huo ndo wa kwanza kupigwa panga. Harusi ikishapita, pilau imeliwa, maua yamenyauka, ndo simu zinaanza sasa, picha zetu vipi, picha lini, mbona fulani hajatumiwa. Yani kwenye hela uko wa mwisho na kwenye lawama uko wa kwanza. Haya ninayoandika ni namna ya kuishi hapo katikati, na mengi hayahusu kamera kabisa.

Naongelea harusi kwa sababu ndo zinalisha wapiga picha wengi Dar, pamoja na sendofu na kicheni pati zake. Wa mahafali, wa matangazo na wa magazeti nao wana msoto wao ila mengi yanafanana.

Vifaa sitakaa navyo sana maana vijana wanapenda kukesha wakibishana Canon na Sony na hawana hata mteja mmoja. Chukua bodi, yani kamera yenyewe bila lensi, ya kueleweka, ya mtumba sawa tu, ila iwe na sehemu mbili za memori kadi ili kila picha ijiandike mara mbili pale pale. Kabla hujatoa hela uliza shata kaunti, yani imeshapiga mara ngapi. Canon 5D Mark III na Nikon D750 kiwandani shata zake zimepimwa kwa mara 150,000, na harusi moja na sendofu yake unaweza ukapiga picha 2,000 bila kujijua. Piga hesabu, kamera mpya ya aina hiyo ina harusi kama 75 ndani yake. Ukiuziwa iliyofika 120,000 wewe umenunua harusi 15, zinaweza kuzidi na mara nyingi zinazidi, ila usipange maisha juu ya bahati. Lensi anza na 50mm f/1.8, ni ya bei rahisi na inakula giza vizuri, ile ya kuzuum ya 24-70mm utaifuata ukianza kuona maokoto. Flashi moja nzuri, betri za akiba, stendi, basi.

Pa kutobania hela ni memori kadi. Kadi feki zipo, imeandikwa GB 128 kumbe ndani ni 8, inapokea picha kama kawaida na we unafurahi unashuti, ukifika nyumbani unakuta za mwanzo zinafunguka, za mbele zote mafaili matupu. Kadi yoyote mpya kabla hujaipeleka kazini ijaze kwanza kwenye kompyuta na programu ya H2testw, ni ya bure, itakwambia ukubwa wa kweli. Na hii hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi, lensi ikikaa begini miezi bila kutumika inaota ukungu ndani ya kioo, kuusafisha ni hela na wakati mwingine hautoki. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, tupia humo vipakti vya silika jeli, lensi zilale humo.

Ukumbini sasa. Hapa ndo wengi wanaumbuka hata kama walikuwa wanapiga picha kali sana Coco Beach jioni. Gauni la shela likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, uso wa bibi harusi unatoka mweusi tii na bwana harusi na suti yake nyeusi ndo hata humuoni. Kwa hiyo pima mwanga usoni siyo kwenye gauni, ongeza mwenyewe kama stopu moja hivi, yani mwanga mara mbili, na piga RAW, lile faili ghafi la kamera lisilobanwa kama JPEG, ili gauni likiungua kidogo uwe na pa kulirudishia. Usije ukaokoa gauni ukapoteza sura, hakuna mama aliyewahi kulalamika kwamba nyuzi za shela hazionekani, analalamika mwanae kawa mweusi.

Flashi wanafundisha uielekeze darini irudi imelainika. Sawa, ila kumbi zetu dari limeshafunikwa vitambaa na mpambaji, vya pinki, vya zambarau, vya dhahabu, ukipiga flashi kwenye kitambaa cha pinki ukumbi mzima unatoka pinki. Bora uweke flashi kwenye stendi kona moja ya jukwaa na mwavuli wake mweupe, uiwashe kwa triga, yani rimoti inayokaa juu ya kamera, na uifunge stendi na kitu kizito chini maana watu wakianza kuserebuka kwenda kutoa zawadi hawaangalii chini. Na zile taa za LED za bei rahisi, umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, ukiweka shata ya haraka kama 1/500 ya sekunde unapata mistari myeusi imekata picha. Shuka 1/100, mistari inapotea. Na jamaa wa taa mfuate mapema kabla shughuli haijaanza, msalimie vizuri, mwombe maharusi wakiwa wanaingia na wakati wa keki aweke taa nyeupe, bluu zake azirudishe kwenye kucheza. Wengi wanakubali tu, tatizo wapiga picha hatuongeagi nao, tunabaki kununa.

Haya tuje kwenye hela, ndo kazi yenyewe.

Utapigiwa simu na mtu wa kamati, "kaka sisi watu wa nyumbani, tufanyie bei ya kishkaji, tuna laki nane sendofu na harusi". Usijibu hapo hapo. Chukua karatasi. Msaidizi laki moja. Usafiri wa siku mbili na vifaa usiku, tuseme elfu sitini. Albamu mbili laki mbili, picha ya ukutani na flashi za kuwekea picha elfu themanini, bando na umeme wa kuediti elfu thelathini. Umebaki na laki tatu na thelathini. Kamera je? Kama uliinunua milioni tatu na ina harusi 75, kila harusi imekula elfu arobaini ya kamera, uone usione. Laki mbili na tisini, kwa siku mbili za kusimama na siku nne tano za kuediti. Hiyo ndo bei yako ya kweli, ukiona inakufaa kubali kwa moyo mmoja, ukiona haifai punguza vitu, usipunguze bei. Mwambie kwa laki nane hiyo naondoa albamu moja na naondoa sendofu. Ukishusha bei bila kuondoa kitu umemfundisha kwamba ile ya kwanza ulikuwa unampiga.

Mkikubaliana, andika. Mikataba ya kurasa nne watu wa kamati wanaiogopa, wanaona kama unawapeleka mahakamani, meseji ya WhatsApp inatosha ili mradi ina kila kitu. Kitu kama hiki:

"Habari kaka, nathibitisha tuliyoongea. Sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, kuanzia saluni saa nne asubuhi mpaka saa sita usiku. Mtapata picha 300 zilizoeditiwa, albamu 1 na picha 1 ya ukutani ndani ya siku 30. Bei 1,000,000. Kianzio 500,000 ndo kinashika tarehe na hakirudishwi, 400,000 siku tatu kabla ya harusi, 100,000 siku ya kuchukua albamu. Ikizidi saa sita usiku kila saa 50,000. Chakula cha watu wawili mtatuwekea. Mafaili ya RAW hayatoki. Ukiafiki nijibu NIMEKUBALI."

Ile hela ya siku tatu kabla usiione ndogo, ndo uhai wako. Michango ya harusi inakuja kwa ahadi, na watu wengi wanatoa ahadi zao wiki ya mwisho baada ya kusumbuliwa kwenye grupu, kwa hiyo siku hizo tatu ndo mhazini ana hela mkononi kuliko siku nyingine yoyote. Harusi ikipita kunakuwa na kikao cha kuvunja kamati, wanakula, wanakunywa, wanapongezana, wanatawanyika. Ukidai baada ya hapo mwenyekiti atakwambia kamati ilishavunjwa muone bwana harusi, bwana harusi atakwambia hiyo ilikuwa hela ya kamati, na wote wanasema kweli kabisa! Ndo maana mwisho inabaki laki moja tu ya albamu, hata wakikausha haikuui. Na wewe usikaushe na picha zao kwa sababu hiyo, anayeumia siyo mhazini, ni bibi harusi ambaye hata hakujua mmepatana shilingi ngapi.

Kuhusu chakula watu wanacheka ila iandike. Kumbi nyingi siku hizi mtu wa chakula anahesabu sahani na kadi, wewe huna kadi, saa nne usiku umesimama tangu asubuhi unaambiwa subiri wageni wamalize, wakimaliza nyama imeisha. Kula mapema, na kula wakati wageni wanakula, maana hapo hakuna anayetaka kupigwa picha mdomo umejaa.

Siku yenyewe rafiki yako wa kwanza ni MC. Chukua ratiba yake, muulize keki lini, shampeni lini, ndafu ipo au haipo, wazazi wanaitwa saa ngapi, na mwombe asikate keki kabla hajakuona. Kanisani onana na paroko au mchungaji kabla ya ibada, wengine hawataki flashi, wengine hawataki uvuke mstari fulani wa madhabahuni, na ukikemewa kwa maikrofoni mbele ya watu mia tatu hiyo nayo inabaki kwenye video. Picha za ukoo omba kila upande wakupe mtu mmoja anayewajua ndugu wote, shangazi mwenye sauti ndo mzuri zaidi, yeye aite majina wewe upige. Ukiacha picha ya mama mdogo aliyekuja na basi kutoka Bukoba hiyo ni kesi ya miaka.

Halafu kuna wale wenye simu. Kila mtu ana simu, maharusi wakiingia watu wanajaa njiani wamenyoosha mikono, fremu yako yote ni migongo na skrini. Ukigombana nao umekosea adabu, mwachie MC awaambie. Ila kushindana na simu dawa yake ni moja tu nayo ni kasi. Usiku ule ule ukifika nyumbani chagua picha kumi, ziediti haraka, Jumapili asubuhi ziwe kwa bibi harusi. Ukichelewa stetasi za ukoo mzima zinakuwa zimejaa picha za simu za binamu, ukiwahi zinajaa zako, na wateja wako wanaofuata wako humo humo kwenye hizo stetasi. Hizo nyingine 290 hata zikifika wiki ya nne hakuna atakayekufokea sana.

Ila ya kuposti muwe makini jamani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni yake. Ruhusa ya kuposti iweke kwenye ile meseji ya makubaliano, watoto usiwaposti bila mzazi kusema ndiyo. Droni nayo inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe kienyeji, na karibu na maeneo ya jeshi au uwanja wa ndege usijaribu hata kwa utani.

Dada zangu hapa kuna mlango wenu. Pwani yote, Zanzibar, Tanga, mpaka Mombasa na Lamu, shughuli nyingi za Kiislamu upande wa wanawake mwanaume haingii, na humo ndani ndo kuna mavazi, hina, singo, dhahabu, na biharusi amepambwa kuliko kawaida. Wanamtafuta mpiga picha wa kike na hawampati kirahisi. Ila uaminifu ndo unakuuza, wanawake wamevua mabaibui yao mbele ya kamera yako kwa hiyo picha moja tu ikivuja umemaliza kazi mji mzima. Editi mwenyewe, usimpe kijana wa stationari akuprintie, kabidhi mkononi kwa mkono na ufute mwenyeji akikwambia ufute.

Usiku ukirudi usilale kabla hujahamisha picha. Kanuni ya kutunza mafaili ni 3-2-1, kopi tatu, kwenye vitu vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani kwako. Kwa maisha yetu hiyo ni kompyuta, diski ya nje (hard disk), na nyingine kwa mzazi au ndugu unayemwamini, kupandisha mtandaoni kwa bando zetu ni kujitesa labda zile 300 za mwisho tu. Kadi usizifute mpaka albamu imechukuliwa. Na kurudi kwenyewe usiku usipande bodaboda ya kuokota barabarani na begi limeandikwa jina la kamera kubwa kubwa, tafuta bajaji ya mtu unayemjua, mlipe vizuri, awe wa kwako kila wikiendi.

Sasa hili la kutunza picha nataka nilisemee kidogo. Ukifanya hii kazi miaka kadhaa utaanza kupokea meseji za aina moja, kwa kawaida asubuhi sana, "kaka samahani, ile harusi ya dada yetu uliyotupigia, una picha yoyote ya mzee yuko peke yake?" Hawahitaji kukueleza zaidi. Wanataka ya kuweka kwenye tangazo na juu ya jeneza, na simu zao zote hazina picha ya mzee iliyotulia. Kwa hiyo ukiwa harusini, kila mzazi, kila bibi na babu aliyekaa meza ya mbele, mpige picha moja peke yake, usoni, ametulia, hata kama haimo kwenye oda. Inachukua sekunde kumi. Na mkataba waweza kusema unatunza mafaili mwaka mmoja, sawa, RAW zitupe ikibidi, lakini zile JPEG zilizoeditiwa usifute, hard disk moja inabeba miaka na miaka ya harusi. Ya msiba usitoze hela, huo ni msimamo wangu, kuna wanaotoza na siwalaumu. Kibiashara nayo ina maana yake, pale Mji Mkongwe Zanzibar kuna Capital Art Studio, ilianzishwa 1930 na Ranchhod Oza, mwanae Rohit akaendeleza, na picha za zamani za mji ambazo mzee alizipiga ndo zikaja kuwa zinauzwa kwa wageni na wenyeji miongo kadhaa baadaye. Hakuzitupa, basi.

Mwisho, njaa. Hii kazi ina majira na hayabembelezi. Desemba unakataa kazi, Jumamosi moja una maombi matatu, na hapo ujue kugawa, mpe mwenzako unayemwamini, mkubaliane kabla kwamba mteja ni wa nani na wewe unabaki na kiasi gani, mwakani atakurudishia. Halafu inaingia Kwaresima, makanisa mengi hayafungishi harusi. Inaingia Ramadhani, nikahi zinakuwa za kuhesabu. Kwa vile Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kuna miaka zinapishana unakuwa na Waislamu wakati Wakristo wamefunga na kinyume chake, ila 2025 na 2026 zimeangukiana karibu siku zile zile, mwezi na zaidi kumbi nyingi tupu. Wanaosalimika miezi hiyo ni waliojipanga. Mahafali ya kidato cha sita yanafanyika kabla ya mtihani wa Mei kwa hiyo yanaangukia humo humo, nenda shuleni Januari, usisubiri waitwe wengine. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaouza nguo na viatu Insta wanahitaji picha kila mzigo mpya ukishuka, hela ndogo ila haina Kwaresima. Mashirika na warsha zao wanalipa vizuri, ila watataka TIN, yani namba ya mlipa kodi, na risiti ya EFD, ile mashine ya TRA, watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, na hela inaweza kukaa miezi miwili, kwa hiyo usiihesabie kodi ya nyumba.

Na ya Desemba usiile Desemba. Kila kianzio kikiingia, robo iweke mahali ambapo huwezi kuitoa kwa simu, kibubu, kikoba, popote. Kama una kazi ya mshahara usiandike barua ya kuacha kwa sababu Desemba umeshika milioni nne. Subiri uvuke Kwaresima moja na Ramadhani moja kwa hela ya picha tu, bila kukopa na bila kuuza lensi, ndo uiandike.